Safari ya Siku Moja Kwenye Matumbawe ya Malindi: Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Katika muda wa miezi mitatu nimekwenda mara mbili katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, mara zote mbili nikiwa na wageni wale wale, yaani wifi yangu na watoto wake wawili wanaoishi Nakuru, na mara zote mbili tukiondokea ufuo ule ule wa Casuarina ulio kusini mwa mji. Safari ya kwanza, ya mwezi wa Desemba, ilikuwa hasara tupu. Ya pili, ya mwezi wa Februari, ni miongoni mwa siku njema kabisa nilizowahi kuzipata baharini, ingawa nimezaliwa Shela ya hapa hapa Malindi na bahari nimeiona tangu nilipofumbua macho. Matumbawe yalikuwa yale yale na samaki wale wale. Kilichotofautiana ni watu waliotupeleka, na hasa jinsi walivyoyajua au kuyapuuza maji. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia za Pwani na za bara zinazopanga safari kama hiyo, kwa kuwa maelezo mengi ninayoyaona kwenye simu husifu rangi za samaki bila kusema ni saa ngapi na wakati gani wa mwaka samaki hao huonekana.

Kampuni iliyotupeleka mwezi wa Desemba siitaji jina. Nilimpata wakala wake kwa simu, akanitumia picha za maji ya buluu, akataka nusu ya malipo papo hapo, nami nikatuma. Nilimuuliza bei, nikamuuliza chakula, nikamuuliza kama watoto watapata jaketi za kuokoa maisha. Hali ya maji sikumuuliza, kwa sababu nilidhani mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni boti hawezi kupanga safari bila kuyatazama. Akatuambia tufike saa nne asubuhi. Siku hiyo ilikuwa mwezi tisa, yaani siku ya tisa tangu mwezi kuandama, na mvuvi yeyote wa Malindi angekuambia kwamba mwezi tisa ni maji mafu, na kwamba saa nne ya maji mafu bahari huwa imejaa.

Kwa asiyeifahamu hesabu hii, nitaieleza kwa ufupi, maana ndiyo msingi wa safari nzima. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Wakati huo bahari hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, baina ya saa nne na saa sita hivi. Maji mafu huja katikati, mwezi ukiwa nusu, na hapo mambo hugeuka: asubuhi ni ya kujaa, kupwa ni alasiri, tena kupwa kwenyewe ni kwa unyonge. Saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hivyo anayeijua tarehe ya mwezi mwandamo anaweza kukisia saa yake ya kwenda matumbaweni hata bila kufungua jedwali lolote. Maji yakiwa yamepwa, mwamba wa nje huvunja mawimbi, na ndani yake hubaki bwawa tulivu ambamo mtu huelea juu ya matumbawe kwa kina kidogo tu, jua likifika mpaka chini. Maji yakijaa, matumbawe yale yale yako mbali chini yako, wimbi linapita juu ya mwamba, na mtoto aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza haoni kitu isipokuwa kiza cha kijani.

Na sisi hata hicho kijani hatukukipata, maana tulikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha sana bara mwaka huo. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, humwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, ukiwa umebeba udongo wa mashamba tangu pande za Nairobi. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, inapovuma, tope hilo husukumwa kuelekea kaskazini na kutuacha salama. Lakini kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikianza, nayo huanza wakati ule ule wa mvua za vuli, tope huteremka na upepo hadi mjini na kufika hifadhini. Ndiyo sababu Desemba, mwezi ambao hoteli hujaa na kila mtu wa bara anataka kuja, si mwezi wa kuaminiwa kwa upande wa maji, hasa mvua zikiwa zimezidi. Kiangazi kikishashika, kuanzia mwisho wa Januari, mto hupungua nguvu na maji husafika, nayo Februari na Machi huwa miezi mizuri mno. Kuanzia Aprili mvua za masika hurudi, na kusi ikishakolea, miezi ya Juni hadi Agosti, bahari huchafuka kwa mawimbi. Wakala wetu alikuwa na simu na alikuwa na macho, na ufuo ulikuwa mbele yake tangu alfajiri. Angeweza kuniambia tuahirishe. Pesa yangu ingebaki kwake, nami ningerudi siku nyingine kwa moyo mkunjufu.

Mengine ya siku ile nitayapitia haraka. Tuliahidiwa kwamba ada ya hifadhi imo ndani ya malipo, lakini tulipofika kwa walinzi tukaambiwa hatujalipiwa, tukasimama juani nikihangaika na simu mpaka malipo yakapita. Miwani ya mtoto mkubwa ilikuwa na mpira uliopasuka pembeni, ikawa inajaza maji kila anapoinamisha kichwa. Jaketi moja haikuwa na kifungio, imefungwa kwa kipande cha kamba. Nahodha wa siku ile alitupa nanga moja kwa moja chini bila kujali imeangukia wapi, ilhali boya la kufungia lilikuwa hatua chache mbele yake, na nanga ilipopandishwa nilikiona kipande cha tumbawe kimening'inia kwenye ukucha wake, cheupe pale kilipovunjika. Tumbawe la aina ya mwamba mgumu hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kile kipande kilikuwa kirefu kuliko kiganja changu. Kisha akatoa mkate akaumwaga majini ili samaki waje, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya sisi kuona samaki. Baada ya dakika arobaini tulirudishwa ufukweni, na mtoto mdogo akaniuliza, "Shangazi, ndiyo hiyo tu?"

Swali hilo liliniuma, na wifi yangu alipokuja tena mwezi wa Februari kwa ajili ya harusi ya jamaa, niliapa kwamba watoto hawatarudi Nakuru na picha ile ya bahari yetu. Safari hii sikutafuta kwenye simu. Nilikwenda mwenyewe ufukweni magharibi moja, nikazungumza na wavuvi waliokuwa wakipara samaki, wakanielekeza kwa nahodha mmoja mtu mzima mwenye boti yenye kioo sakafuni, aliye katika chama cha wenye boti wa pale. Kabla hajataja bei aliniuliza mambo matatu: wageni ni wangapi, kuna asiyejua kuogelea, na kuna mwenye pumu au maradhi ya moyo. Nilimwambia ningependelea kesho yake saa nane mchana, ili watoto walale kidogo baada ya shughuli za harusi. Akatikisa kichwa.

"Saa nane, mwanangu, maji yanarudi na upepo umeshapanda. Nikikupeleka nitakuwa nimekula pesa yako bure. Kesho ni mwezi kumi na saba, maji yanasimama saa tano kasorobo. Njooni saa tatu unusu, tufike mapema tuyafuate yakitoka."

Kwa mimi tathmini ilikuwa imekwisha hapo hapo, maana nilishajua nimempata mtu. Hata hivyo nitaeleza yaliyofuata, kwa sababu yapo yanayomfaa msomaji.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, kupitia mfumo wa eCitizen, wala si kwa pesa taslimu, na ni malipo mbali na ya boti. Raia, mgeni mkazi na mtalii wa kutoka nje hulipa viwango tofauti, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima, kwa hivyo beba kitambulisho. Nahodha alinishauri nilipe usiku kabla ya kulala, mtandao ukiwa haujaelemewa, na asubuhi tulipita bila kusimama. Kwa jumla, boti yake na ada tulizojilipia wenyewe ziligharimu pungufu ya ile kampuni ya Desemba, tena kwa muda wa saa tatu badala ya dakika arobaini.

Kabla ya kupanda alimkalisha kila mtu mchangani na kumjaribishia miwani. Aliiweka usoni bila kufunga ukanda, akamwambia mtu avute pumzi kwa pua, na miwani ikishika yenyewe bila kuanguka ndiyo saizi yake. Isiposhika, akachukua nyingine. Kisha akawaonyesha watoto kutema mate ndani ya kioo, kusugua kwa kidole na kusuuza kwa maji ya bahari, ili kioo kisifanye ukungu. Mtoto mdogo alichukizwa na jambo hilo kwa nusu dakika, halafu akawa anatema bila kuombwa.

Hapa niseme neno kwa wanawake wenzangu, kwa kuwa sijaona likiandikwa mahali. Mimi na wifi yangu tuliingia majini tukiwa na vazi la kuogelea la kujifunika mwili mzima pamoja na kichwa. Ukingo wa kitambaa ukiingia chini ya mpira wa miwani, hata kwa upana wa uzi, maji yatapenya bila kukoma na utadhani miwani ni mbovu. Rudisha kitambaa nyuma mpaka mpira ukae juu ya ngozi tupu kuzunguka uso wote, kisha pitisha ukanda juu ya kitambaa. Nguo za namna hii zina faida nyingine: hazihitaji mafuta ya kuzuia jua mwili mzima, na baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Mvike mtoto fulana ya mikono mirefu badala ya kumpaka. Uliza pia kama boti ina ngazi ya kupandia kutoka majini. Ya nahodha huyu inayo, lakini ni nyembamba na vidato vyake viko mbalimbali, na wifi yangu alitaabika kupanda na vazi lililolowa. Hiyo ni kasoro ya kwanza ninayoiandika dhidi yake. Ya pili ni kwamba kivuli cha turubai kinafunika nusu tu ya boti, na ya tatu ni kwamba miwani ndogo ya watoto iko miwili tu, kwa hivyo familia yenye watoto watatu ingelazimika kupokezana. Choo hakipo, kama ilivyo kwa boti nyingi za pale.

Tulifika kwenye bustani za matumbawe maji yakiwa bado yanatoka. Nahodha hakutupa nanga, bali alifunga kamba kwenye boya, akateremka kwanza yeye mwenyewe, kisha akawapokea watoto mmoja mmoja huku kila mmoja akishika boya la duara analolivuta kwa kamba. Alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka wakaikariri: usisimame. Tumbawe ni kiumbe hai chenye ngozi laini juu ya mifupa ya chokaa, na wayo mmoja huua kilichochukua miaka kujengeka. Zaidi ya hayo, katika mianya yake kuna viumbe weusi wa miiba mirefu ambao mtu akiwakanyaga hatavaa kiatu wiki nzima.

Nililoliona chini ni vigumu kulieleza bila kuonekana nimetia chumvi, basi nitaeleza kitu kimoja tu. Kulikuwa na pono mmoja, mwenye ukubwa wa mkono hadi kiwiko, kijani kibichi na waridi shavuni, akila juu ya jiwe la tumbawe. Maji yalikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia akila. Mdomo wake mgumu kama wa kasuku uling'ata, ukatoa mlio mkavu kama mtu anayevunja bisi kwa meno, akasogea, akang'ata tena, na kila alipong'ata paliachwa mikwaruzo miwili myeupe juu ya jiwe. Mara akageuka na kutoa nyuma yake wingu jeupe lililoteremka taratibu. Nahodha aliinua kichwa, nasi tukainua, akawaambia watoto kwamba lile wingu ni mchanga, na kwamba sehemu ya mchanga mweupe wanaouchezea ufukweni imetengenezwa hivyo hivyo, na pono wanaosaga matumbawe wakitafuta mimea midogo ya kula. Mtoto mkubwa aliutazama ufuo kwa muda mrefu baada ya kuambiwa hivyo.

Hakukuwa na mkate. Watoto walimwuliza nahodha kuhusu mkate wa Desemba, akawajibu kwamba samaki akishiba mkate huacha kazi yake, na kazi yake ni kula majani yanayotaka kuyafunika matumbawe. Wala hatukuuhitaji. Kitatange walipita wawili wawili, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe walijificha katikati ya minyiri ya anemoni, kiumbe laini wa baharini anayefanana na ua, na samaki aitwaye taa, mwenye madoa ya buluu, alilala chini ya ukingo wa mwamba, macho tu nje. Kasa hatukumwona, na nahodha hakutuahidi kasa.

Ni haki pia kusema kwamba si kila mahali pamependeza. Yapo maeneo mapana ya mawe ya kijivu, matumbawe yaliyokufa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakavitoa vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakageuka meupe, na mengi ya Malindi hayakupona. Baadhi ya sehemu zimeanza kufunikwa na matumbawe machanga, nyingine bado. Anayekuja akitarajia ukuta wa rangi usio na pengo atavunjika moyo. Anayejua kwamba hifadhi hii imelindwa tangu 1968, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za baharini barani Afrika, ataona ukubwa wa samaki na kuelewa kazi ya ulinzi huo. Ndani ya eneo hili hakuna kuvua kabisa. Nje yake kuna eneo pana zaidi ambamo wavuvi wa hapa huruhusiwa kwa zana zao za asili, na ndiko baadhi ya samaki waliokomaa ndani huvuka wenyewe kwenda.

Tulitoka majini maji yalipoanza kurudi. Baadhi ya boti humalizia safari kwenye fungu la mchanga la upande wa Mayungu, lile ambalo Waitaliano wameliita Sardegna 2, na linapotokeza wakati wa kupwa ni zuri kweli, lakini kwa familia yenye watoto waliokwisha kuchoka sioni lazima ya kuyaunganisha mawili kwa siku moja. Chakula tulibeba wenyewe, mahamri na mbaazi pamoja na viazi vya karai, tukala chini ya mivinje pale ufukweni. Chakula cha kampuni ya Desemba kilikuwa wali uliopoa na kipande cha samaki. Sina haja ya kukizungumzia zaidi.

Tukiwa tunakula, kama saa nane kasoro, alikuja bwana mmoja na mkewe, kwa lafudhi yao watu wa Nairobi, mkononi ameshika pesa tayari, akamtaka nahodha awapeleke wakati ule ule kwa kuwa kesho yake alasiri wanaondoka. Upepo ulikuwa umeshapanda na boti zilizofungwa zilikuwa zikiruka. Nahodha alimwamkua vizuri, akamwonyesha kwa kidole mstari mweupe wa mawimbi juu ya mwamba, mahali ambapo asubuhi palikuwa pakavu.

"Bwana, weka pesa yako. Kesho maji yanasimama saa tano na nusu. Njooni saa nne na robo, kabla ya saa saba nimeshawarudisha, na safari yenu ya alasiri mtaiwahi."

Yule bwana alisita, akamtazama mkewe, kisha akarudisha pesa mfukoni na kuandika saa hiyo kwenye simu yake. Nahodha akarudi kwenye boti yake tupu na kuanza kuisuuza miwani, mmoja mmoja, katika ndoo ya maji baridi.